Betri ya Kulala

Mtaa wa Gerezani, Kariakoo
Siku moja kabla hujaondoka

Haika mwanangu,

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukuambia la kuchemsha maji, la chandarua na la kupiga simu ukifika kisiwani Mafia, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu atayarudia yote kesho ukiwa umeshika begi mlangoni. Mimi nimefunga duka saa tisa mchana. Jirani yetu wa vipuri akanichungulia akauliza, "Baba Haika, kwema?" maana tangu tufahamiane hajawahi kuona nimeshusha mlango jua likiwa bado linawaka. Nikamwambia kwema, akaondoka bila kuniamini.

Nimekaa kwenye kigoda chako, na mbele yangu kuna kile kibao ulichokitengeneza wiki iliyopita kwa ajili ya mazoezi. Kazi nzuri. Betri mbili, swichi moja katikati, taa ndogo upande huu, stata ya zamani ya kuwashia injini upande ule, nyaya zimebanwa kama inavyotakiwa. Nilitaka kukusifu. Kisha nikaona tepu nyeupe uliyobandika juu ya betri, kwa mwandiko wako: hii YA KAZI, ile YA KULALA. Ukaniuliza, "Vipi Baba, nimekosea?" Nikakuambia harufu ya asidi imenikaa vibaya, nikatoka nje nikasimama barabarani mpaka mkokoteni mmoja ukakaribia kunipitia.

Hukukosea. Maneno hayo umeyaokota humu humu dukani, kutoka kinywani mwangu. Mafundi wengine husema betri ya stata, wengine husema ya akiba. Mimi ndiye niliyeanza kusema ya kulala, kwa sababu kazi yake ni kukaa kimya, isiguswe, mpaka injini itakapoihitaji. Ile nyingine inahangaika kutwa na taa, pampu na redio, hii inalala. Nilikiona ni kijina kizuri. Nilikipenda mno.

Haika, maneno hayo mawili ndiyo yaliyomuua mama yako. Niliyaandika mimi, kwa mkono huu, halafu nikayafuta kwa mkono huu huu. Nahodha Sefu hakufanya kosa lolote. Sasa nimelisema. Kama unataka kuacha kusoma hapa una haki, lakini nakuomba uendelee, maana kesho asubuhi kuna jambo ambalo huwezi kuliamua bila kujua mengine yote.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo ile boti unaikumbuka. Mama yako alikuwa mwanamke wa Machame, amekulia kwenye migomba, hajui kuogelea hata hatua mbili, na bado soko zima la samaki pale Feri lilimjua. Alianza kwa kununua samaki mnadani na kuwaletea mama lishe wa huku Kariakoo kwa ndoo. Akachoka kusukumana na watu, akasema, "Kwa nini nisubiri samaki waje? Nitawafuata mwenyewe." Akapata boti ya faiba, siyo kubwa, yenye injini ya dizeli na sanduku la barafu katikati, akamchukua Sefu awe nahodha. Walikuwa wakitoka na barafu, wanalala huko visiwani siku moja au mbili wakinunua samaki kwa wavuvi, kisha wanarudi Feri. Wanaume wa ukoo wetu walisema mengi. Mimi nilikuwa nawajibu "mwacheni", na moyoni nilikuwa naona fahari, na wivu kidogo pia. Wivu wa kijinga, wa mtu anayeshinda amejifungia na asidi wakati mkewe anajua majina ya visiwa.

Boti ilikuja na betri moja tu. Pampu ya kutoa maji ya barafu iliyoyeyuka ilikuwa inaila hiyo betri, na mara mbili injini iligoma kuwaka wakavutwa na watu mpaka nyumbani. Mama yako akaniambia mezani, "Mume wangu fundi betri, Kariakoo nzima inamjua, na mimi navutwa kwa kamba kama mbuzi." Alikuwa anatania, ndivyo alivyokuwa. Mimi utani ule ulinichoma.

Jumamosi iliyofuata nilipakia betri mbili kwenye bajaji mpaka Feri, nikazifunga kama ulivyozifunga wewe kwenye kibao chako: moja kwa ajili ya stata peke yake, moja kwa ajili ya mengine yote. Nikaweka na swichi, ili siku betri ya kazi itakapokufa kabisa, mtu aweze kuhamishia taa na redio kwenye ile ya stata kwa dakika chache, aite msaada, kisha arudishe. Hizo "dakika chache" zilibaki kichwani mwangu. Sikuziandika popote wala sikuzitamka. Nilichoandika, juu ya betri na pembeni ya swichi, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, ni hayo maneno yangu mawili niliyokuwa nikiyapenda, YA KULALA, na upande wa pili YA KAZI.

Sefu alikuwa ameinama juu ya bega langu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, nadhani hilo hulijui. Kwa sababu hiyo alikuwa anasoma kila kitu: magunia, mabango, hata fulana za watu. Akasoma kwa sauti, polepole, "Ya ku-la-la." Akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Sasa hii ya kulala, Fundi, ina maana..."

Hakumaliza. Simu ilikuwa inaniita, kuna mteja ananisubiri dukani, na jua la saa saba lilikuwa limenipiga kichwani. Nikamkatiza, "Nahodha, imeandikwa hapo. Si unajua kusoma?"

Wapakuzi wawili waliokuwa wamesimama pale wakacheka. Sefu naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayefunika aibu yake, akasema, "Najua, Fundi, najua." Hakuuliza tena. Nani angeuliza tena?

Sasa fikiri kama mtu ambaye hakulelewa kwa fundi betri. Nguo ya kulala ni ya kuvaa ukilala. Chumba cha kulala ni cha watu kulala ndani yake. Betri ya kulala je? Mimi nilimaanisha betri ambayo yenyewe imelala. Yeye alisoma betri ya kutumia watu wakilala. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma hivyo. Kwa hiyo mchana, pampu ikivuta maji, aliweka KAZI. Jua likizama, nanga ikiwa chini na watu wanajinyoosha, akageuza KULALA, na taa na pampu na simu zinazochaji zikaanza kuinyonya betri ya stata mpaka kunakucha. Alikuwa anafuata maandishi yangu kwa uaminifu kabisa.

Safari mbili za kwanza walilala nje siku moja moja, betri ikavumilia. Safari ya tatu walikaa zaidi. Asubuhi ya mwisho injini haikuzunguka. Ile ya kazi ilikuwa imemalizwa na pampu, na ile ya stata ilikuwa imemalizwa na hayo niliyoyaandika. Redio ilikuwa kimya, na simu huko hazishiki. Upepo ukageuka, nanga ikaburuta, na kufika adhuhuri boti ikawa juu ya mwamba inapigwa na mawimbi. Mengine unayajua. Sefu aliokotwa ameshikilia mfuniko wa sanduku la barafu. Mama yako aliokotwa siku ya pili yake, mbali na pale.

Usilolijua ni kwamba boti ilipovutwa mpaka ufukweni, mimi nilifika kabla ya watu wengine. Nilikwenda na mfuko wangu wa vifaa, kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kwenye kazi. Sefu alikuwa amekaa mchangani, mkono umefungwa bandeji, anaiangalia boti. Nikafungua kisanduku cha betri. Swichi ilikuwa imeelekea KULALA.

Nikamuuliza, "Nani aligeuza hii?"

Akasema, "Mimi, Fundi. Si tulikuwa tumelala?" Kisha akaniangalia usoni, na nadhani alielewa dakika ile ile niliyoelewa mimi. "Si ndivyo ulivyoandika?"

Nikakifunga kile kisanduku. Wakaja kumwita aende kueleza yaliyotokea. Alipoondoka nikatoa chupa ya thina ya kuondolea rangi kwenye mfuko, nikaloweka kitambaa, nikasugua. Juu ya betri nikasugua, pembeni ya swichi nikasugua, mpaka plastiki ikawa nyeupe. Sikufikiria wakati nafanya. Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa kwa huzuni, na huzuni ilikuwepo kweli, lakini mkono wangu ulikuwa unajua vizuri sana unachokifanya. Tulimzika mama yako Machame na ule wekundu bado uko chini ya kucha zangu. Wewe ulikuwa umenishika mkono huo huo pale kaburini.

Kabla ya mazishi, siku ya kwanza ya msiba, tukiwa bado hapa mjini, mjomba wako mkubwa alinivuta pembeni akaniuliza, "Shemeji, ilikuwaje hasa?" Nikamwambia, "Nahodha alilala."

Ni hayo tu. Nimeyageuza maneno hayo kichwani kwa miaka tisa. Ukiyapima hayana uongo, alilala kweli, kama mtu yeyote aliyechoka anavyolala. Mjomba wako akaenda nayo, na mpaka jioni turubai zima lilikuwa linasema nahodha alilala, nahodha alilala, mwanamke wa watu amekufa nahodha amelala. Sefu alijitetea. Alisema fundi mwenyewe ndiye aliyeandika pale. Watu wakaenda kuangalia, wakakuta plastiki nyeupe. Basi akawa mzembe, na juu yake akawa mwongo anayemsingizia mfiwa.

Alikuja msibani siku ya tatu, hata hivyo. Alivaa kanzu, akakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa pembezoni mwa turubai, pale karibu na ndoo za maji. Wewe ulikuwa unapitisha chai. Akakuambia, "Pole, mwanangu." Ukasimama na sinia yako ukamwambia, mbele ya watu wote, "Bora ungekufa wewe."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka pale. Nilikusikia. Nikaangalia viatu vyangu.

Tangu siku ile hujamwamkia. Wewe, Haika, unayewaambia shikamoo hata walevi wa uchochoroni, mpaka wenzako wanakutania. Mara ngapi tumepita naye Feri, mimi na wewe, akasema "Hujambo, Haika?" nawe ukapita kama umepita nguzo ya umeme? Nilikuwa naona uso wake. Kila mara nilisema nitakuambia tukifika nyumbani, na kila mara tukifika nyumbani kulikuwa na chakula, au wageni, au mtihani wako. Ukipata sababu ya kunyamaza siku moja, mwanangu, zinazofuata hazikuhangaishi kuzitafuta.

Hakuna mwenye boti aliyempa chombo tena. Sasa ni mpaa samaki, pale kwenye meza za mwisho upande wa kivuko cha pantoni, anawaparulia watu magamba tangu alfajiri. Mtu aliyeijua bahari hivyo.

Na wewe ukakua, ukasomea umeme wa boti, na nikajua kwa nini, ingawa hukuwahi kuniambia. Mwezi uliopita uliporudi kutoka kwenye usaili wa hii kazi ya Mafia ulinisimulia kwamba walikuuliza kwa nini umechagua kazi hii, ukajibu mama yako alikufa kwa uzembe wa nahodha, na hutaki mama wa mtu mwingine afe hivyo. Ulisema palepale wakakupa kazi. Ulikuwa unanisimulia kwa fahari. Nilikupongeza. Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili usinisikie.

Ukifika Mafia utapewa boti zao uzitunze, na utafunga betri mbili mbili kama hizi. Umeme unaujua kunizidi, sitakufundisha. Ila juu ya betri ya injini andika INJINI. Juu ya betri ya taa andika TAA. Usiandike jambo ambalo linakufurahisha wewe. Ukishamaliza, mwite yule atakayelala kwenye ile boti, mpe swichi mkononi, umwambie akuonyeshe yeye atafanya nini jua likizama. Usimweleze kwanza. Mwache akuonyeshe. Mkono wake utakuambia alichokisoma.

Na akianza kukuuliza swali la kijinga, zima simu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kukejeli, na mpaka leo watu wanasema nina mdomo, wakidhani wananisifu. Wewe mdomo huo umeurithi, nimeuona dukani. Yule mzee wa bodaboda uliyemwambia juzi, "Baba, kwani betri inakunywa soda?" alikuwa anakuja kuuliza kuhusu maji ya betri, na akaondoka bila kuuliza. Ulinichekesha. Kisha nikamkumbuka Sefu.

Na jambo la kipimo. Betri iliyokwisha inaweza kukuonyesha volti kumi na mbili nukta sita ikiwa imekaa tu, ukadhani ni nzima, mpaka siku utakayoiomba iwashe injini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakaa kanisani Jumapili, nimevaa suti, watu wananipa mkono wananiita mgane mvumilivu. Sikutaka mtu anipime zaidi ya hapo.

Jana asubuhi, kwa sababu ya ile tepu yako, nilikwenda Feri. Nilimkuta Sefu amevaa aproni ya plastiki, ameshika samaki mkubwa aina ya changu. "Karibu, Fundi," akasema, bila kunyanyua macho. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa. Nilimwambia nimesimama, kwa sauti ndogo, huku watu wakipita na beseni zao. Alimaliza kumpaa yule samaki, akamsuuza, akampa mteja wake. Kisha akanijibu.

"Kwa nini unaniambia mimi, Fundi? Mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakuwepo."

Nikasema nitawaambia. Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Fundi. Kuna jambo sijamwambia mtu." Akafuta kisu kwenye aproni. "Asubuhi ile ilipita boti ya wavuvi. Karibu tu, wangetuona. Nikavua shati nipunge. Mama Haika akanishika mkono. Akasema, 'Ngoja kwanza, Nahodha, tusijiaibishe. Mume wangu ameniambia, hii ya kulala ndiyo inayoamka siku ya shida. Iache ipumzike kidogo, itaamka.' Nikaheshimu, chombo ni chake. Tukaiacha ipumzike. Ile boti ikapita."

Haika, ni kweli nilimwambia hivyo. Jumamosi ile ile, nimerudi kutoka Feri, tunakula ndizi na nyama, wewe ukiwa umekaa kando yake. Nilikuwa najitapa. Nikasema, "Hiyo ya kulala haiguswi. Siku ya shida ndiyo inaamka." Mama yako akasema, "Kumbe inafanana na mume wangu." Ulicheka mpaka maji yakakupalia, sijui kama unakumbuka.

Kwa hiyo mama yako alikuwa anajua maana ya jina, ila swichi hakuijua. Sefu alikuwa anaijua swichi, ila maana ya jina hakuijua. Wote wawili wapo kwenye chombo kimoja, kila mmoja ana nusu yake, na mimi mwenye zote mbili niko Gerezani nahudumia mteja. Dakika tano za kuwakalisha pamoja zingetosha. Nimekaa na hilo tangu jana na sijui nitaliweka wapi. Alikufa ananiamini, mwanangu. Mtu alikuwa amevua shati kuwaokoa, naye akamzuia, kwa sababu aliniamini mimi.

Nilimuuliza Sefu, "Kwa nini hukusema? Watu wangekuonea huruma."

Akasema, "Ningesemaje? Kwamba marehemu ndiye aliyenizuia? Yule binti angebaki na nini?"

Miaka tisa hiyo, Haika. Ulikuwa unampita bila kumwangalia, naye alikuwa na maneno ya kukunyamazisha, akayameza ili ubaki na mama yako kama ulivyomjua. Nimefikiria kama na mimi nikufiche hilo la boti iliyopita. Nimeamua kukuambia, kwa sababu nimeshaona kinachotokea ninapochagua mwenyewe kipi kisomeke na kipi kifutwe. Usimlaumu mama yako. Alichokosea ni kumwamini fundi.

Mjomba wako nimempigia simu leo mchana kabla ya kukaa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata. Jumapili ijayo ninapanda kwenda Machame kulisema mbele ya wote, na watakachoamua juu yangu nitakipokea.

Lakini Sefu aliniambia niwaambie ambao hawakuwepo, na wengi wao wako Feri. Boti ya kazini kwenu inawachukua kesho asubuhi pale pale Feri, ufukweni Magogoni. Kwa hiyo barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uikute utakapoamka, na mimi nitakuwa nimekwisha kutoka. Nitakuwa pale kwenye meza za wapaa samaki. Mnada ukiwa haujaanza na watu wakiwa wamejaa, nitasema kwa sauti kwamba nahodha hakukosea, ni mimi niliyeandika, na ni mimi niliyefuta. Sauti yangu unaijua, nitasikika.

Sijui utakuja upande ule au utapita ule mwingine, wa mbele. Njia zote mbili zinakufikisha kwenye boti yenu. Ukipita bila kusimama nitajua umesoma, na sitakuita. Kibao chako nitakifunga kwenye gazeti nikiweke karibu na begi. Tepu sikuibandua. Ile ni kazi yako, utaibandua mwenyewe.

Ila ukija, utatukuta tumesimama wawili, mimi na yeye. Mimi ni baba yako na utataka kuanza na mimi, kwa mazoea au kwa hasira. Usianze na mimi.

Mwamkie yeye kwanza.

Baba